Nyumba Mpya Lamu, Mnunuzi Yuko Ughaibuni
Ndugu yetu uliyeko Maskati au London, nyumba mpya ya Shela au Manda usiinunue kwa picha za simu. Anza na ardhi iliyo chini yake. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari takriban 500,000 hapa Lamu. Kuoneshwa hati, basi, hakutoshi. Wakili wako mwenyewe, wala si wa mjenzi, afanye upekuzi kwenye sajili ya ardhi. Asiye raia wa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu 65, humruhusu kukodi tu, miaka isiyozidi 99. Anayemwahidi umiliki wa milele anamdanganya. Nawasihi, msilipe fedha zote mwanzoni: fundi wenu aukague msingi, ndipo awamu ifuatayo itumwe.