Mchango wa Kila Mwezi kwa Shirika Jipya la Kujitolea



Wapagazi wa Kinyamwezi wa misafara walifikisha shehena kubwa pwani kwa kuwa kila mmoja alibeba sehemu yake. Ndivyo ulivyo mchango wa kudumu. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Wachangiaji 50 hufikisha 1,200,000.

Hata hivyo, kabla ya kuahidi, tunawasihi mwombe kuona cheti cha usajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inaruhusu shirika kusajiliwa hata kwa ngazi ya wilaya. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yetu ya Uyui aulizwe. Fedha ziingie katika akaunti yenye jina la shirika, si katika simu ya mweka hazina. Watia saini wasipungue wawili, na kila mchango uwe na stakabadhi. Namba ya siri ya simu yako asipewe mtu yeyote.

Kwa waanzilishi twasema: mkulima wa tumbaku hapati fedha kila mwezi, mruhusuni atoe baada ya mauzo. Mwelezeni mapema namna ya kusitisha, na anayesitisha asiaibishwe. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wachangiaji wote.

Fedha ikipotea huchangwa tena. Imani ikipotea, hata shirika jema litakalokuja kesho litakuta milango imefungwa.