Jaji Aliyenyang'anywa Kesi



Tulipoanza kudai vyama vingi tuliulizwa: mageuzi yatamfaa nini mkulima wa viazi mwenye kesi ya shamba? Swali hilo twaulizwa hata leo, nasi twalijibu kwa kisa cha jaji mmoja.

Derek Schofield, Mwingereza, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu yetu. Mwaka wa 1987 alisikiliza ombi la jamaa ya Stephen Mbaraka Karanja, aliyekamatwa na polisi asionekane tena. Polisi walisema kwamba amekwisha kuuawa kwa risasi na kuzikwa Eldoret. Jaji akaamuru mwili uletwe. Makaburi yakafukuliwa, maiti zikatazamwa, ya Karanja isipatikane. Jaji hakuridhika. Na nani angeridhika? Hata aliyefiwa na ng'ombe huonyeshwa ngozi. Lakini kabla hajalimaliza shauri, Jaji Mkuu Cecil Miller alimwondolea kesi hiyo akampa mwingine. Schofield akajiuzulu.

Mwaka uliofuata, 1988, Bunge liligeuza Katiba, majaji wa Mahakama Kuu na wa Mahakama ya Rufaa wakawa watu wa kufutwa apendapo Rais. Ulinzi wao ulirudishwa mwaka wa 1990, na mwaka wa 1991 kifungu cha 2A, kilichotufunga katika chama kimoja, kikafutiliwa mbali.

Schofield alikwenda Visiwa vya Cayman, na mwaka wa 1996 akawa Jaji Mkuu wa Gibraltar. Huko nako aliondolewa, mwaka wa 2009. Watakuwapo wa kutucheka: kumbe shujaa wenu alifutwa kazi! Hatulifichi jambo hilo, wala hatusemi kwamba jaji asiguswe kamwe. Tutazame namna alivyoondolewa. Jopo liliyachunguza malalamiko dhidi yake, naye akapewa nafasi ya kujitetea. Shauri likafika London mbele ya majaji saba: wanne wakasema hafai kuendelea, watatu wakapinga, na sababu za pande zote mbili zikaandikwa, mtu yeyote aweza kuzisoma. Nairobi, mwaka ule wa 1987, kesi ilihama mikono tu.

Leo ibara ya 168 ya Katiba ya mwaka wa 2010 yataka jaji aondolewe kwa njia ya Tume ya Huduma za Mahakama na jopo, naye aweza kukata rufaa katika Mahakama ya Juu. Hata hivyo, ibara hiyo yamlinda jaji na kazi yake. Haisemi lolote juu ya faili kuhamishwa. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba kesi yenu ya shamba imepelekwa kwa mwingine siku chache kabla ya hukumu, andikeni barua kuuliza ni nani aliyeihamisha na kwa sababu gani, nanyi mbaki na nakala iliyopigwa muhuri.