Pale Slabu Inapokutana na Ukuta

Bonde la Kilombero, Tanzania, ni sehemu ya Bonde la Ufa, na mteremko mkali wa Udzungwa unaoinuka juu ya Mang'ula ni kazi ya miamba iliyopasuka na kupandishwa. Miamba ya namna hiyo huweza kutikisika tena, lakini maghorofa marefu ya zege yako mbali, Dar es Salaam, jiji lililotikiswa usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 na tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6, kitovu chake kikiwa baharini.

Katika ghorofa refu, uzito mwingi umo sakafuni. Ardhi ikitikisika, kila sakafu huvutika upande, na nguvu hiyo hupelekwa kwenye kuta nene za zege, hasa zile za lifti na ngazi, ndipo ishuke kwenye msingi. Nguvu hiyo hupita pale slabu, yaani sakafu ya zege, inapoungana na ukuta. Hapohapo, ukuta unapopinda, slabu nayo hulazimika kupinda, nyufa zikifunguka na kujifunga kila mtikisiko.

Udhaifu wa kiungo hicho huweza kuanzia kwa fundi. Mara nyingi ukuta wa lifti hutangulia kumwagwa zege, slabu ikafuata siku kadhaa baadaye. Zege jipya halishiki vizuri juu ya zege kavu lililo laini, kwa hiyo uso wa ukuta hukwaruzwa hadi kokoto zionekane, kisha ukasafishwa. Nondo zitokazo ukutani huhitaji kuzama vya kutosha ndani ya slabu. Zikiwa fupi, huchomoka. Tundu za mabomba na ngazi zikipangwa kando ya ukuta, hupunguza eneo la kushikana.

Mnamo 22 Februari 2011, huko Christchurch, New Zealand, jengo la CTV lenye ghorofa sita liliporomoka na kuua watu 115. Sakafu zilianguka, mnara wa lifti na ngazi ukabaki umesimama. Uchunguzi ulitaja nguzo dhaifu, na pia viungo hafifu kati ya sakafu na mnara huo.

Kanuni ya kuunganisha sakafu na kuta haiachi nje hata ghorofa moja la Ifakara, bondeni Kilombero: slabu, linta na kuta zifungamanishwe kwa nondo. Ukaguzi wa nondo hizo hufanyika kabla ya kumwaga zege, kwa kuwa baada ya hapo kasoro hufukiwa, na kuirekebisha ni gharama kubwa.