Akiba Haiozi: Maembe ya Msimu na Achari ya Nyumbani

Maelezo kwa vikundi vya kina mama na vijana, Kaunti ya Kilifi



Kuanzia Novemba hadi Machi hivi, maembe hujaa Kilifi. Ngowe, boribo na apple hufika sokoni kwa pamoja, na dalali, akijua hivyo, hutaja bei anayotaka. Mkulima anayekataa bei hiyo hubaki akitazama maembe yakioza chini ya mwembe, ambako nzi wa matunda huzaliana na kurudi kuharibu yaliyo juu.

Achari humpa mkulima muda. Embe bivu halingoji wiki mbili, lakini achari iliyopikwa na kufungwa vizuri hukaa hadi mwaka mmoja.

Wengi hudhani pilipili ndiyo inayohifadhi achari. Sivyo. Kinachohifadhi ni ukali wa siki pamoja na usafi wa chupa. Karoti na vitunguu havina ukali wake vyenyewe, kwa hiyo anayeongeza mboga na kupunguza siki ili aokoe pesa anaweza kuuza sumu bila kujua. Siki iwe ya asilimia 5, kama inavyoandikwa kwenye chupa.

Vipimo ni hivi: maembe mabichi yaliyomenywa na kukatwa kilo 2, karoti robo kilo, vitunguu robo kilo, siki lita 1, sukari kilo 1, chumvi vijiko 2 vya chakula, tangawizi na pilipili kwa kiasi. Maembe yawe yamekomaa lakini bado magumu.

Siki na sukari huchemshwa kwanza kwa dakika 5, kisha vingine vyote hutiwa. Moto huwa mdogo na mwiko haupumziki kwa nusu saa hivi, mpaka achari iwe nzito. Sufuria ya alumini haifai, kwa kuwa siki huila. Bora ile ya stili.

Achari hutiwa ingali moto katika chupa za glasi zisizozidi nusu lita, zilizochemshwa na bado zina joto. Juu huachwa nafasi ya sentimita 1 hivi, mdomo wa chupa hufutwa, kifuniko hukazwa. Kisha chupa huzamishwa katika maji yanayochemka, yazifunike kabisa, kwa dakika 10. Muda huo unatosha hapa Pwani. Aliye na jamaa nyanda za juu amwambie achemshe kwa dakika 15 hadi 20, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kupata joto la kutosha.

Chupa ambayo kifuniko chake kimevimba, au inayotoa povu au harufu mbaya, hutupwa. Isionjwe hata kwa ncha ya kidole.

Kikundi kinachotaka kuuza madukani kinahitaji vyeti vya afya vya wanaopika, lebo yenye viungo, uzito na tarehe, na alama ya ubora ya KEBS. Ni vyema kuanza na chupa chache za nyumbani, ziliwe na wali, mhogo au viazi karai, hadi mkono uzoee.

Wahenga walisema akiba haiozi. Msimu huu, maembe nayo yasiozee shambani.