Mama Alikuwa Ameshalipa

 

Mimi ni mhasibu. Mama alipofariki, nilitoka mjini na bajeti ya msiba: kuchimba kaburi, kuni, maji, wapishi. Nilipofika, kaburi lilikuwa tayari. Kuni zimeletwa, ndizi na nyanya zimetoka mashambani, kina mama wako jikoni, watani wanatuchekesha huku tunalia. Nikamuuliza mjomba, nimlipe nani?

Akasema, “Mama yako ameshalipa. Alikuwa anazika wenzake.”

Bajeti ikabaki mfukoni. Usiku nikajihesabu: mimi nimezika wangapi hapa? Sikufika hata watatu.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Watu walitangulia, fedha haikuwemo.

Leo tunachanga, na fedha tunaihitaji kweli. Lakini ukishatuma kwa simu, usiishie hapo. Njoo kwenye misiba, njoo kwenye msaragambo, na watoto uje nao wajue ukoo wao. Akiba hiyo haiwekwi benki.