Ushuhuda wa Uponyaji na Dawa Zinazoachwa: Mada kwa Viongozi wa Dini na Wahudumu wa Afya, Nakuru

1. Utangulizi

Imani, ibada, maombezi: maneno haya hayahitaji kufafanuliwa mbele ya wachungaji, maimamu na wauguzi. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na mada hii haiugusi. Wanaoshuka kwenye mapango ya Menengai kufunga na kuomba wana haki yao. Swali lililopo ni dogo: mgonjwa akitangaziwa jukwaani kwamba amepona, nani amempima?

2. Yaliyokwisha kuonekana

Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Kilisemekana kutibu kisukari na Ukimwi. Novemba 2014 televisheni ya KTN ilirusha taarifa kuhusu mhubiri Victor Kanyari, waumini walioombwa "kupanda mbegu" ya shilingi 310, na kemikali ya pamanganeti iliyodaiwa kugeuza maji ya kuoshea miguu yakawa mekundu kama damu. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa.

Kila mara taifa lilishtuka, kisha likasahau.

3. Tatizo lenyewe: karatasi ya maabara

Shakahola ilivuta kamera. Anayeacha vidonge Kaptembwo au Molo havuti chochote.

Mtu anayemeza ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, kila siku bila kukosa hufika mahali ambapo virusi katika damu ni vichache mno hata kipimo cha kiwango cha virusi hakivioni. Kliniki humpa majibu hayo kwa furaha, kwani ndilo lengo la dawa. Jumapili majibu yaleyale hupungwa hewani mbele ya kipaza sauti kama ushahidi kwamba ugonjwa umetoka. Kazi ya kidonge imeandikwa kwa jina la maombezi, na kidonge kinatupwa.

Virusi havijaondoka, vimejificha ndani ya chembe za mwili. Dawa zikikatizwa, kwa wengi hurudi katika wiki chache. Mgonjwa huwa bado anajiona mzima, naye huendelea kushuhudia. Anaporudi hospitalini huenda amekwisha kumwambukiza mwenzake, au ana kifua kikuu juu yake.

Kupona kwa kweli kuna ushahidi wake. Timothy Ray Brown, aliyekuwa na virusi vya Ukimwi na aliyepandikizwa uboho mjini Berlin, aliacha ARV chini ya uangalizi wa madaktari, akapimwa tena na tena kwa miaka mingi. Alifariki 2020 kwa saratani ya damu, bila virusi kurejea. Hakuna mkutano wa injili wenye subira hiyo.

Mwenye kifafa anayeambiwa ana pepo naye huacha dawa, na wa kisukari huacha insulini. Wauguzi wanalijua hili. Semina zimefanyika, chai imenywewa, maazimio yamepigwa chapa.

4. Sheria

Bila kumnyooshea mtu kidole, itoshe kukumbusha kwamba kanuni za kusimamia mashirika ya dini zilizopendekezwa Januari 2016 zilisitishwa makanisa yalipopinga. Baada ya Shakahola, jopo la kupitia sheria za mashirika ya dini, lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, lilikabidhi ripoti yake 2024.

5. Mapendekezo

(a) Anayetangaza uponyaji amtume mshuhudiaji kliniki kwanza.
(b) Majibu ya maabara yaandikwe kwa Kiswahili: "Virusi havionekani kwa sababu unameza dawa. Usiache."
(c) Kila mkutano wa injili uwe na meza ya wauguzi.
(d) Viongozi wa dini watamke madhabahuni: omba, na umeze dawa.
(e) Wahudumu wa afya ya jamii wawafuatilie waliokosa kliniki baada ya mikutano mikubwa, bila kuwakaripia.
(f) Redio zisirushe ushuhuda wa kupona ambao haujathibitishwa.
(g) Wenye kifafa na kisukari wajumuishwe katika (a) na (c) hadi (f).
(h) Pendekezo (a) litekelezwe kabla ya mikutano ya Desemba.