Kuanguka Mara Moja

Leo nawaletea habari za Dan Gable, mwanamieleka wa Marekani.

Tangu sekondari hadi Chuo Kikuu cha Iowa State, kijana huyu alishinda mechi 181 bila kushindwa hata moja. Ikabaki moja tu amalize masomo, fainali ya vyuo ya 1970. Hapo Larry Owings akamshinda, pointi 13 kwa 11. Fikiria uchungu wake! Watu wangapi wangetundika viatu siku ile?

Gable hakutundika. Aliongeza mazoezi. 1971 akawa bingwa wa dunia, na 1972 akachukua dhahabu ya Olimpiki mjini Munich bila mpinzani yeyote kumpata hata pointi moja.

Lakini kwangu mimi, makubwa yalikuja baadaye. Kuanzia 1976 hadi 1997 alikuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Iowa, na vijana wake wakatwaa ubingwa wa taifa mara 15, tisa kati yake mfululizo. Medali yake ilikuwa ya mtu mmoja. Ujuzi wake ukawa wa wengi.

Sasa wewe uliyeanguka mtihani, au uliyeachwa nje ya timu, usijifungie chumbani. Rudi mazoezini. Nawe uliyefaulu, mdogo wako yuko hapo nyumbani hesabu zinamshinda. Umeshakaa naye?